Aliyesomeshwa na Bwana Wake

Kwetu Shinyanga, na zaidi kwenye machimbo ya Geita, kuna kauli inayofunga mjadala wowote: "Huyu nimemlea, nimemsomesha." Msemaji huwa mwenye duka au mwenye duara la dhahabu. Anayesemwa ni kijana aliyetolewa kijijini, anayechota maji alfajiri kabla ya kwenda shule.

Nasoma historia, ngazi ya uzamili, na kauli hiyo nimekuwa nikiifikiria tangu nilipokutana na habari za Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, mji ambako wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walifikisha pembe za ndovu katika karne ya 19.

Ramiya hakufika kama mpagazi. Alitekwa akiwa mdogo mashariki mwa Kongo, akauzwa Bagamoyo kwa Amir bin Suleiman al-Lamki, tajiri wa Kiomani. Alilelewa katika nyumba hiyo, akaingizwa katika dini, akapata nafasi ya kusoma. Ada ya pwani ilimtaka bwana amfundishe mtumwa wake dini. Elimu hiyo ilikuwa thawabu kwa bwana. Pia ilimfanya mtumwa awe mtu wa nyumbani, asiyefikiria kurudi kwao.

Je, al-Lamki alikuwa mwema? Nadhani tunauliza swali lisilo sahihi. Wema unaotolewa kwa mtu asiyeweza kuukataa haupimwi kwa ukubwa wake. Tutazame mpokeaji aliufanyia nini.

Ramiya aliupeleka mbali kuliko ulivyokusudiwa. Akawa sheikh, kiongozi wa tarika ya Qadiriyya Bagamoyo, akifundisha watu ambao waungwana wa mji waliwadharau, wakiwemo waliokuwa watumwa kama yeye. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wakamfanya liwali. Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilipitishwa mwaka 1922. Basi, aliyewahi kununuliwa aliamua mashauri ya mji ambamo bado kulikuwa na watumwa kisheria.

Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Muhammad akashika nafasi yake.

Lakini jina lake kamili lilikuwa Yahya bin Abdallah. Abdallah, "mja wa Mungu", ndilo jina ambalo mara nyingi hupewa mtu asiye na baba wa kutajwa katika dini mpya. Alisomeshwa akawa sheikh na liwali. Jina la baba yake aliyebaki Kongo hakuna aliyemrudishia.