Neva, maumivu na pumu

Pumu ni ugonjwa sugu wa njia za hewa. Mirija ya mapafu huvimba kwa ndani, hutoa ute mwingi na kubana kwa vipindi, kisha huachia yenyewe au kwa msaada wa dawa. Vyuoni hufundishwa chini ya mfumo wa upumuaji, huku mfumo wa neva na maumivu vikipewa vipindi vyake. Mgawanyo huo unafaa kwa ratiba, ila mwanafunzi akiubeba hadi wodini unaweza kumponza mgonjwa. Misuli inayobana mirija ya hewa huamrishwa na neva. Hisia ya kifua kubana husafirishwa na neva. Dawa ya kuvuta inayofungua kifua huiga kazi ya adrenalini. Na baadhi ya dawa za maumivu, zile zile zinazouzwa katika kila duka la dawa, zinaweza kumkata pumzi mwenye pumu ndani ya saa moja.

Neva zinazofika mapafuni

Mfumo wa kati wa neva ni ubongo na ugwe unaopita ndani ya uti wa mgongo. Nje ya hapo zipo jozi 12 za neva za kichwa na jozi 31 za neva zinazochipuka kutoka kwenye ugwe huo. Sehemu ya mtandao huu hujiendesha bila mtu kuamua, ikisimamia mapigo ya moyo, usagaji wa chakula na upana wa mirija ya hewa. Sehemu hiyo ina matawi mawili, simpathetiki na parasimpathetiki.

Kwa mapafu, neva ya kuijua vizuri ni vagasi, ya 10 katika neva za kichwa. Huanzia kwenye shina la ubongo, hushuka shingoni kando ya ateri kuu na kusambaa kwenye moyo, mapafu na tumbo. Wengi huikumbuka kwa amri inazoshusha, ingawa takriban nyuzi 4 kati ya kila 5 ndani yake hupandisha habari kuelekea ubongoni: mapafu yamejaa kiasi gani, kuna moshi au vumbi, kuna uvimbe.

Namna vagasi inavyotoa amri ilithibitishwa mwaka 1921 na Otto Loewi, aliyekuwa akifanya kazi Graz, Austria. Alisisimua vagasi ya moyo wa chura hadi mapigo yakapungua, akachukua majimaji yaliyouzunguka moyo huo na kuyamimina kwenye moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna neva yake iliyoguswa. Kwa hiyo neva huzungumza kwa kemikali. Kemikali hiyo ilikuja kutambuliwa kuwa asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Asetilikolini hiyo hiyo ikimwagwa kwenye mirija ya hewa hugusa vipokezi vinavyoitwa M3, misuli laini hukaza na tezi hutoa ute.

Tawi la simpathetiki huwachanganya wanafunzi wengi. Hudhani kwamba kama vagasi inabana, basi lazima kuwe na neva ya simpathetiki inayofungua. Kwa binadamu, misuli laini ya mirija ya hewa karibu haipati neva yoyote ya simpathetiki. Badala yake imejaa vipokezi vya beta-2, ambavyo husubiri adrenalini iletwe na damu kutoka tezi zilizo juu ya figo. Atakayelielewa hili hatapata shida kuelewa dawa zinazofungua mirija.

Maumivu ya kifua na kifua kubana

Kichocheo chenye madhara, kama moto au jeraha, hupokelewa na ncha za neva zilizo wazi. Habari husafiri kwa nyuzi za aina mbili. Nyuzi za A-delta zina ganda jembamba la mayelini na hupeleka habari kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyuzi za C hazina ganda hilo na hazifiki hata mita 2 kwa sekunde. Ndiyo maana anayejikwaa kidole husikia kwanza mchomo mkali, kisha baada ya muda mfupi maumivu mazito yanayofukuta. Zote huingia upande wa nyuma wa ugwe wa mgongo, habari huvuka upande wa pili na kupanda hadi thalamasi na gamba la ubongo.

Njiani habari hiyo huchujwa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba ndani ya ugwe wa mgongo kuna lango: nyuzi nene za mguso zikisisimuliwa, lango hubanwa na maumivu hupungua. Sehemu za nadharia hiyo zimerekebishwa tangu hapo, lakini kiini chake kimedumu, na kinaeleza kwa nini mtu husugua mahali alipojigonga. Mwaka 1997 David Julius na wenzake walitambua kipokezi cha joto kali kwa kutumia kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Kipokezi hicho, TRPV1, kipo kwenye nyuzi za C za ngozi, na pia kwenye nyuzi za C za vagasi ndani ya njia za hewa. Kwenye ngozi huleta hisia ya kuungua. Kwenye njia za hewa huleta kikohozi. Yeyote aliyekaa jikoni pilipili zikikaangwa ameijua kazi ya nyuzi hizo.

Pafu lenyewe haliumi. Nyama yake na utando uliolishika havina neva za maumivu ya kawaida. Kinachouma ni utando wa nje unaopakana na mbavu, ambao hupata neva za kati ya mbavu, na sehemu yake inayofunika katikati ya kiwambo, inayohudumiwa na neva ya freniki kutoka shingoni. Ndiyo maana ugonjwa wa chini ya pafu huweza kusikika begani. Mwenye pumu kwa kawaida husema kifua kinabana, pumzi haitoki, amechoka kuvuta hewa. Akianza ghafla kulalamika mchomo mkali upande mmoja wa kifua, kila pumzi ikimchoma, jambo jipya limetokea: huenda pafu limetoboka na hewa imeingia kati ya tando mbili. Mwanafunzi asiandike tu kwamba pumu imezidi. Asikilize pande zote mbili za kifua na kuzilinganisha.

Pumu usiku na mchana

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na 455,000 walifariki kwa ugonjwa huo, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Vifo hivyo vingi vingeweza kuzuiwa kwa dawa ambazo zimekuwapo kwa nusu karne.

Msingi wa ugonjwa ni uvimbe sugu. Kwa wengi huanza na mzio: vumbi la nyumbani, chavua, mende au manyoya ya paka huamsha kingamwili za IgE, seli hutoa histamini na leukotrieni, na eosinofili hukusanyika kwenye ukuta wa mirija. Ukuta uliovimba huacha ncha za vagasi zikiwa nyepesi kushtuka. Hapo hewa baridi, moshi wa mkaa, mbio au kicheko vinatosha kuamsha mzunguko wa neva: habari hupanda, amri hushuka, mirija hubana.

Dalili huzidi usiku wa manane na kuelekea alfajiri, kwa sababu nguvu ya vagasi huongezeka mtu anapolala, huku kotisoli na adrenalini zikiwa chini. Kwa wengi upana wa mirija huwa mdogo zaidi karibu na saa 10 za usiku. Kwa hiyo kumuuliza mgonjwa kama kifua humwamsha usiku ni sehemu ya uchunguzi wenyewe. Anayeonekana mzima kliniki saa 4 asubuhi huenda hajalala wiki nzima.

Dawa zinazofuata ramani ya neva

Katika karne ya 19 madaktari wa Ulaya waliwapa wenye pumu majani makavu ya mnanaha wavute moshi wake, desturi waliyoichukua India. Mmea huo una atropini na kemikali za jamii yake, ambazo huzuia asetilikolini. Ulifungua kifua, na ukaleta kuchanganyikiwa na vifo, maana ni sumu kali. Mtu yeyote asiujaribu. Ipratropiamu inayotumika leo hufuata njia hiyo hiyo bila kuvuruga ubongo.

Salbutamoli, iliyoingia sokoni mwaka 1969, hugusa vipokezi vya beta-2 na kulegeza misuli ndani ya dakika chache. Mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio ni matokeo ya dawa hiyo kugusa vipokezi vya misuli na moyo, wala si dalili kwamba mgonjwa haivumilii. Hata hivyo haiponyi uvimbe. Ndiyo sababu tangu mwaka 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa pumu, hautaki watu wa umri wa miaka 12 na zaidi watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Wanahitaji pia steroidi ya kuvuta, wasukutue mdomo baada ya kuivuta ili kuepuka fangasi.

Familia nyingi huogopa kwamba mtoto akianza kuvuta dawa ataizoea na hataiacha, hivyo huomba vidonge au sindano. Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa upole na kwa hesabu. Mvuto mmoja wa salbutamoli ni maikrogramu 100 zinazopelekwa kwenye njia za hewa; kidonge cha miligramu 4 ni mara 40 ya kiasi hicho, na huzunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani.

Dawa za maumivu kwa mwenye pumu

Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zinazozifanya ncha za neva za maumivu kuwa nyepesi kuamka. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kwa baadhi ya wenye pumu, hasa watu wazima wenye vinyama puani, kufunga njia ya prostaglandini husababisha leukotrieni zizalishwe kwa wingi, na hizo ni miongoni mwa vibanaji vikali vya mirija ya hewa. Kati ya dakika 30 na saa 3 baada ya kumeza, pua huziba, macho huwa mekundu na kifua hufunga. Anayedhurika na aspirini anaweza kudhurika na diklofenaki pia, hata kama hajawahi kuitumia. Kumeza bila shida miaka iliyopita si kinga, kwani hali hii mara nyingi hujitokeza ukubwani.

Kwa hiyo kabla ya kuchoma diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, muuguzi au mhudumu wa duka la dawa aulize: «Una pumu? Umewahi kubanwa kifua baada ya kumeza dawa ya maumivu?» Parasetamoli kwa dozi ya kawaida huwafaa wengi wa wanaodhurika hivyo. Tahadhari iwepo kwa vidonge vinavyochanganya parasetamoli na diklofenaki, kwa maana jina la kwanza huweza kulificha la pili.

Hatari nyingine ni propranololi, inayotolewa kwa shinikizo la damu, tezi ya shingo na kuzuia kipandauso. Huziba vipokezi vya beta, pamoja na vile ambavyo salbutamoli inavihitaji. Hata matone ya timololi ya presha ya macho yamewahi kuleta shambulio kali.

Mofini hupunguza msukumo wa kupumua na hutoa histamini, kwa hiyo haitolewi, wala dawa za usingizi hazitolewi, kumtuliza mtu aliye katikati ya shambulio. Wasiwasi wake unatokana na kukosa hewa. Hilo lisigeuzwe kuwa sababu ya kumnyima mgonjwa wa saratani mofini kwa kuwa tu ana pumu iliyotulia. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, imeonyesha kwamba mofini ya maji inaweza kutolewa kwa usalama hata nyumbani.

Shambulio kali

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, mwenye mapigo ya zaidi ya 120 au oksijeni chini ya asilimia 90 yuko hatarini. Mlio wa kifua ukinyamaza huku amechoka, hewa haipiti tena. Apewe oksijeni, steroidi ya kumeza au ya mshipa, na mivuto 4 hadi 10 ya salbutamoli kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza.

Kukosekana kwa mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke si sababu ya kusubiri. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa chini kwa umbo la mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, iliwasaidia watoto sawa na chemba ya kununuliwa inayowekwa kati ya inhela na mdomo. Kikombe cha plastiki laini kilifanya vibaya kuliko vyote. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe, dawa ipulizwe mvuto mmoja mmoja, na mtoto apumue mara kadhaa kupitia shingo ya chupa kabla ya mvuto unaofuata.