Neno "Salama" Jichoni

Mswahili ukimwuliza habari za nyumbani hujibu "salama", hata kama mtoto ana homa. Ni adabu, na hakuna anayemlaumu. Neno hilohilo likiandikwa kwenye fomu ya ridhaa ya mtu anayetaka kudungwa dawa ya majaribio jichoni, adabu haitoshi.

Chukua dawa ya pegcetacoplan, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2023 kwa jina la Syfovre. Inawahusu zaidi wazee ambao retina yao inanyauka katikati, hadi nyuso za watu zinawapotea. Imejengwa kwa peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, na kazi yake ni kuizuia C3, protini mojawapo ya kinga ya mwili. Hairudishi uoni uliopotea. Hupunguza tu kasi ya mnyauko. Mililita 0.1 huingizwa kwa sindano ndani kabisa ya jicho, kila baada ya siku 25 hadi 60.

Majaribio yake makubwa mawili, DERBY na OAKS, yalihusisha watu 1,258. Baadhi yao hawakupewa dawa: daktari aliwagusisha jichoni bomba lisilo na sindano, ili wasijue wako kundi gani. Wengine wangekiita kitendo hicho "dawa bandia". Mimi nalikataa jina hilo, kwa sababu dawa bandia kwetu ni ile feki inayokamatwa madukani. "Mchomo wa kuigiza" unasema kilichofanyika.

Neno linalonikera zaidi ni "madhara". Jicho likiwa jekundu au likiona ukungu baada ya sindano, anayeandika "madhara" ameshaihukumu dawa, na anayeona dawa haihusiki hushawishika kutoandika kitu. Afadhali "tukio": liandikwe kwanza, chanzo kitafutwe baadaye. Ndipo hesabu inapozungumza. Katika miezi 24, asilimia 12 ya waliodungwa kila mwezi walipata ugonjwa wa mishipa mipya ya damu inayovuja, dhidi ya asilimia 3 ya wale wa mchomo wa kuigiza. Hapo sasa sema madhara.

Julai 2023, miezi michache tu baada ya idhini, chama cha mabingwa wa retina cha Marekani kiliwatahadharisha madaktari: wagonjwa kadhaa walikuwa wamevimba mishipa ya damu ya retina baada ya kudungwa. Uvimbe huo haukuwa umeripotiwa katika majaribio. Hakuna aliyedanganya kwa hilo; jambo adimu sana laweza kuwapita watu 1,258 lisionekane, likaja kuonekana dawa ikiwafikia wengi.

Basi nawaomba wanaotafsiri fomu za ridhaa kwa Kiswahili wasiliache "salama" peke yake. Waandike dawa imejaribiwa kwa watu wangapi, kwa muda gani, na matukio gani yaliwapata. Nawe msomaji, ukiletewa fomu isiyosema hayo, uliza kabla ya kutia sahihi.