Kompyuta ambayo A yake si 65

Programu nyingi ninazoandika hapa Kawangware, hata ile ya duka moja la Kibera, zinaegemea libcurl, maktaba ya Daniel Stenberg wa Sweden inayosafirisha data mtandaoni. Raha moja tunayoipata humo ilitokana na mashine ambayo wengi wetu hatujawahi kuigusa: AS/400, iliyotolewa na IBM mwaka 1988.

Mfumo wake, OS/400, hutumia EBCDIC badala ya ASCII. Kwetu A ni 65, kwake ni 193. Tena alfabeti yenyewe ina mapengo: I ni 201, J inarukia 209! Ukiiandikia seva ya wavuti GET, zinatoka 199, 197, 227, na seva inangoja 71, 69, 84. Haielewi kitu.

Mwaka 2007 Patrick Monnerat aliihamishia libcurl huko. Kugeuza herufi kila mahali ndani ya kodi kungekuwa balaa. Basi aliacha ndani kubaki ASCII, akaweka wakalimani mipakani, mfano curl_easy_setopt_ccsid.

Lakini maneno yaliyogeuzwa yanahitaji pa kukaa. Kwa hiyo toleo 7.17.0, la Septemba 2007, lilianza kujinakilia maneno unayoyapa curl_easy_setopt. Kabla ya hapo ulipaswa kuyatunza mwenyewe kwenye kumbukumbu mpaka safari iishe; ukiyafuta mapema, programu inaanguka. Sote tulifaidika, hata tusio na AS/400. Isipokuwa CURLOPT_POSTFIELDS: hiyo hadi leo ni jukumu lako.