Kisu huwekwa chini Juni 24: historia ya asparagasi

Kila ifikapo Juni 24, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, wakulima wa asparagasi nchini Ujerumani huweka visu chini. Machipukizi bado yanachomoza ardhini na wanunuzi bado wapo, lakini mavuno yamekwisha. Kwa wiki kumi hivi, tangu katikati ya Aprili, mboga hii imetawala nchi: vibanda vya mbao vimesimama kando ya barabara, migahawa imeandika menyu ya pekee, miji midogo imefanya tamasha na kumvika taji malkia wa asparagasi. Kesho yake vibanda vinafungwa, na mlaji asiyetosheka atasubiri hadi majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata.

Tarehe hiyo imeazimwa kwenye kalenda ya kanisa, lakini sababu yake iko mizizini. Kwa zaidi ya miaka 2,000 watu wenye mali na madaraka wamejaribu kuila asparagasi wakati wowote wanaotaka, na kila mara mmea umewarudisha kwenye sharti lile lile: ukitaka kukata mwakani, acha kukata leo.

Akiba iliyo chini ya udongo

Asparagasi ni mmea wa kudumu. Kinacholiwa ni chipukizi, linalokatwa kabla halijafungua matawi yake. Likiachwa litarefuka na kupita kimo cha mtoto, kisha litatoa vitawi vyembamba vya kijani. Vitawi hivyo hutengeneza chakula majira yote ya joto, na chakula hicho hushuka kuhifadhiwa kwenye mizizi minene. Baridi ikija, sehemu ya juu hukauka na mizizi hulala. Udongo ukipata joto tena, akiba ile ndiyo inayosukuma machipukizi mapya.

Kwa hiyo kila chipukizi linaloingia kikapuni limetolewa kwenye akiba. Mkulima akikata bila kikomo, mizizi huishiwa na shamba hufa mapema. Akipanda miche leo, husubiri hadi mwaka wa tatu ndipo aanze kuvuna kwa maana halisi, na akiitunza vizuri atavuna kwa miaka kumi au zaidi kutoka kwenye mizizi ile ile. Wavuvi wa Unguja na Pemba wanaofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue wanaijua hesabu hii.

Jenasi yenyewe si ngeni kwetu. Spishi kadhaa za asparagasi hukua porini Afrika Mashariki, zikiwa na miiba na vitawi vyembamba vinavyokwea vichaka. Hata lile jani laini linalofungwa pamoja na waridi kwenye mashada ya harusi ni la jamaa yake, na asili yake ni upande wetu wa mashariki na kusini mwa Afrika. Inayopelekwa mezani, Asparagus officinalis, ilianza kulimwa katika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, na Warumi ndio waliotuachia maelezo marefu ya kilimo chake.

Warumi na sharti la mwaka wa tatu

Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, Cato Mzee aliandika kitabu cha kilimo ambacho hadi leo ndicho kitabu cha kale zaidi cha nathari ya Kilatini kilichotufikia kikiwa kizima. Karibu na mwisho wake kuna mafundisho ya asparagasi ambayo mkulima wa leo angeyafuata bila shida: chagua udongo wenye unyevu na rutuba, panda mbegu kwa mstari wa kamba, palilia, weka samadi, usikimbilie kuvuna miaka ya mwanzo. Anaruhusu mavuno yaendelee mpaka mmea uonyeshe dalili za kutoa mbegu, na baada ya miaka minane au tisa anataka mizizi ihamishiwe kitalu kipya.

Wakubwa wa Rumi waliipenda mboga hii kupita kiasi. Mwanahistoria Suetonius anasimulia kwamba Kaisari Augusto alipotaka jambo lifanywe upesi, alisema lifanywe haraka kuliko asparagasi zinavyopikwa. Pliny Mzee, aliyefariki mwaka 79 baada ya Kristo volkano ya Vesuvio ilipolipuka, aliudhika kwamba maumbile yalimpa kila mtu asparagasi za porini za kuchuma bure, ilhali matajiri wa zama zake walishangilia zile za Ravenna zilizonenepeshwa bustanini, tatu zikitimiza ratili moja. Ratili ya Kirumi ilikuwa kama gramu 327, kwa hiyo kila chipukizi lilikuwa na zaidi ya gramu 100. Hapo tayari mboga ya kichakani ilikuwa imegeuka alama ya cheo.

Mfalme aliyetaka asparagasi Desemba

Jaribio kubwa la kuushinda msimu lilifanyika Ufaransa. Louis XIV alijengewa bustani ya mboga karibu na kasri la Versailles kati ya 1678 na 1683, na msimamizi wake alikuwa Jean-Baptiste de La Quintinie, mwanasheria aliyeacha kesi akashika jembe. Mfalme aliihusudu asparagasi, na La Quintinie akampatia katikati ya baridi. Aliweka samadi mbichi ya farasi pembeni ya vitalu. Samadi ilipochacha ilitoa joto, vioo vikalizuia lisitoroke, na mizizi ikadanganyika kwamba majira ya kuchipua yamefika.

Lakini mizizi iliyolazimishwa kuchipua Desemba haikuwa na majani ya kuilisha wala jua la kutosha. Ilitoa ilichokuwa nacho ikachoka, na bustani ikahitaji vitalu vingine vya kuchukua nafasi yake. Ni mfalme tu aliyeweza kumudu kula mizizi ya miaka kadhaa katika majira moja ya baridi.

Mboga ya kifalme haikukosa kuingia kwenye sanaa. Mwaka 1697 Mholanzi Adriaen Coorte alichora fungu moja la asparagasi nyeupe juu ya jiwe, giza likiwa nyuma yake, na picha hiyo ipo Rijksmuseum mjini Amsterdam. Mwaka 1880 Édouard Manet alichora fungu lake mjini Paris, akamuuzia mkusanyaji sanaa Charles Ephrussi kwa faranga 800. Ephrussi akalipa 1,000. Manet akachora picha nyingine ndogo, ya chipukizi moja tu pembeni mwa meza, akampelekea na ujumbe kwamba hilo lilikuwa limepungua kwenye fungu. Fungu sasa liko Köln, na lile chipukizi la peke yake liko Musée d'Orsay, Paris.

Wanasayansi nao walipata fungu lao. Mwaka 1806 Wafaransa Louis Nicolas Vauquelin na Pierre Jean Robiquet walitenga kutoka maji ya asparagasi kemikali iliyokuja kuitwa asparajini. Ndiyo asidi amino ya kwanza kuwahi kutengwa na binadamu.

Kutoka kasri hadi shamba

Nchini Ujerumani, historia ya kilimo hiki huutaja mji wa Schwetzingen, kusini-magharibi mwa nchi, ambako asparagasi ilipandwa katika bustani ya kasri la mtawala wa Palatinate mnamo 1668. Kwa muda mrefu ilibaki chakula cha wenye makasri. Iliyomfikia mtu wa kawaida ni ile ya karne ya 19. Mwaka 1861 mkulima Karl Friedrich Wilhelm Herrmann aliipanda shambani huko Beelitz, kusini-magharibi ya Berlin. Udongo wa Beelitz ni wa kichanga, unapata joto mapema na chipukizi hupenya bila kupinda, na soko la mji mkuu lilikuwa karibu. Enzi za Ujerumani Mashariki kilimo hicho kilififia, na baada ya nchi kuungana mwaka 1990 mashamba yakafufuliwa. Leo jina la Beelitz na asparagasi havitengani.

Ile nyeupe na ile ya kijani ni mmea mmoja. Tofauti ni mwanga. Mkulima wa Kijerumani huinua udongo kuwa tuta refu juu ya mizizi, na chipukizi hupanda gizani likabaki jeupe. Kichwa kikitoboa tuta na kuonwa na jua, huanza kuwa cha zambarau, kisha kijani. Kwa hiyo mvunaji hana budi kuliwahi.

Kazi yake ni ya mkono. Mvunaji hutembea ameinama kando ya tuta, akitafuta ufa mdogo au udongo ulioinuka kidogo. Anachimba kwa vidole viwili kufuata chipukizi bila kugusa majirani zake ambao bado wako chini, anashusha kisu kirefu, anakata, analivuta polepole, kisha anaziba shimo na kusawazisha tuta kwa mwiko. Akikosea akaitoboa mizizi, ameharibu mavuno ya miaka. Siku za joto hupita tuta lile lile mara mbili, kwa kuwa chipukizi hurefuka sentimita kadhaa kwa siku. Plastiki zinazofunika matuta zina upande mweusi wa kuharakisha joto na upande mweupe wa kulipunguza, na mkulima huzigeuza kulingana na hali ya hewa.

Wengi wa wavunaji hawa hutoka Romania na Poland. Machi 2020, virusi vya korona vilipoifanya Ujerumani kuwafungia mpaka vibarua wa msimu, mashamba yalikuwa karibu kuvunwa. Siku chache baadaye serikali ikalegeza: vibarua 40,000 waliruhusiwa kuingia Aprili na wengine 40,000 Mei, kwa ndege. Watu wengine wote wakiambiwa wabaki nyumbani, hawa walipandishwa ndege ili mboga isiozee ardhini. Nchi ikatambua waziwazi kwamba msimu inaojivunia umeshikwa na mikono ya wageni. Heshima inayopewa mboga hii inawastahili wao kwanza.

Jangwa lisilo na baridi

Biashara nayo ilitafuta njia yake ya kuvuka Juni 24. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mji wa Braunschweig ulistawi kwa viwanda vya makopo, na asparagasi ilikuwa miongoni mwa bidhaa zake kuu. Kopo lilihifadhi mboga, ila ulaini wake wa kitepetepe haukumdanganya aliyeijua mbichi.

Njia iliyofanikiwa zaidi ilipatikana Peru, kwenye jangwa la Ica, ambako hakuna baridi ya kuilaza mizizi. Mwaka 1991 Marekani ilipitisha sheria ya kuondoa ushuru kwa bidhaa za nchi za Andes, ikitumaini kwamba wakulima wangeacha majani ya koka. Asparagasi ya Peru ikajaa madukani mwaka mzima, na viwanda vya makopo vya jimbo la Washington vikafungwa kimoja baada ya kingine. Lakini hata Ica mmea haukusamehe. Mkulima hulazimika kuuacha umee majani kwa miezi kadhaa baada ya kila mavuno, kisha hupunguza maji ili ulale. Na maji hayo hutoka ardhini, mahali ambapo mvua karibu hainyeshi. Visima vimekuwa vikichimbwa kwa kina zaidi na zaidi, na wakulima wadogo wasio na fedha za pampu kubwa ndio wanaokaukiwa kwanza.

Kuinunua na kuiandaa

Msomaji anayeishi Berlin, Hamburg au Amsterdam atakutana nayo sokoni kila Aprili. Sugua machipukizi mawili: yakilia, ni mabichi. Tazama mahali yalipokatwa: pawe na unyevu, pasiwe pamekauka wala kupasuka. Vichwa viwe vimefumba. Ukifika nyumbani, zifunge kwa kitambaa chenye unyevu uziweke kwenye friji, uzile siku hiyo au kesho yake.

Nyeupe humenywa kuanzia chini kidogo ya kichwa kwenda mwisho, na usione uchungu kutoa ganda lote, kwa maana uzi mmoja ukibaki utausikia mdomoni. Ya kijani humenywa mwishoni tu, au haimenywi kabisa. Chemsha nyeupe kwenye maji yenye chumvi, sukari kidogo na kipande cha siagi kwa dakika 10 hadi 15 kulingana na unene. Kijani hutosheka na dakika tano hivi. Wajerumani huila na viazi vipya na siagi iliyoyeyushwa, au sosi nzito ya viini vya mayai. Maganda usiyatupe. Yachemshe, uyachuje, na maji yake ndiyo msingi wa supu ya kesho. Baadhi ya watu watasikia harufu kali wakienda haja ndogo. Ni salfa iliyomo kwenye mboga, haina madhara.

Mlaji wa Ulaya ameshazoea kutodaiwa subira. Hamu ya kupata kila kitu kila siku ndiyo inayomletea asparagasi ya Peru wakati wa Krismasi, na ndiyo inayosafirisha mishiri (maharagwe mabichi ya kijani) ya Kenya kwa ndege majira yote. Hamu hiyo imetoa ajira, na hilo halipuuzwi. Lakini ina gharama inayolipwa na udongo na maji ya mahali pengine, mbali na meza. Wakulima wa Ujerumani wameonyesha kwamba inawezekana kuwa na mboga inayopendwa na taifa zima, ikauzika kwa bei nzuri, na bado ikaachwa ipumzike kwa tarehe inayojulikana na kila mtu. Mnunuzi naye ana sehemu yake: ale kwa wingi wakati wake ukifika, alipe bei inayomtosha aliyeinama kuikata, na ukishapita akubali kula kingine.