Mmea mwenza wa mwaridi

Mtu akishapanda mwaridi, swali linalofuata ni apande nini pembeni yake. Kwa lugha za Ulaya mmea huo wa pembeni una jina lake la kitaalamu (kwa Kiingereza, companion plant), na jina hilo likiletwa kwa Kiswahili mara nyingi huwa "mmea rafiki". Ningependa tuliache. Rafiki amekwisha kusifiwa kabla hajafanya kazi yoyote. Ukiambiwa kitunguu saumu ni rafiki wa mwaridi, huulizi tena kinaufaa kwa lipi.

Na ndivyo madai mengi ya bustani yalivyoenea. Louise Riotte, mwandishi wa Marekani, alitoa mwaka 1975 kitabu ambacho jina lake linasema karoti zinapenda nyanya, na mwaka 1983 kingine kinachosema mawaridi yanapenda vitunguu saumu. Mapenzi ya mmea hayana kipimo. Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mtaalamu aliyejipa kazi ya kuchambua imani za watu wa bustani, amelikosoa neno lenyewe la Kiingereza kwa sababu linachanganya ngano na sayansi, msomaji asijue kipi ni kipi.

Chaguo langu ni mmea mwenza. Tuna mgombea mwenza, tuna mwenyekiti mwenza, na kabla ya hao wote tulikuwa na mke mwenza. Huyu wa mwisho ndiye anayenivuta. Wake wenza huishi ua mmoja, na wakipatana husaidiana kulea na kupika, lakini kila mmoja anajua kwamba mume ni yule yule na kipato ni kile kile. Bustanini maji, mbolea na jua navyo ni vya kugawana, na mmea mdogo uliobanwa kwenye shina la mwaridi hunyonya maji ya juu kabla hayajashuka kwenye mizizi ya mwenyeji. (Wasiopenda mitala wanivumilie, neno sikulitunga mimi.) Wingi wake uwe mimea wenza, kama tunavyosema wagombea wenza.

Faida ya neno hili ni kwamba linadai swali: mwenza wa kazi gani? Afrika Mashariki tunao mfano ambapo swali hilo limejibiwa vizuri. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, wakiongozwa na Zeyaur Khan na kushirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walitengeneza mbinu ambayo kwa Kiswahili huitwa vuta-sukuma. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwasukuma nondo wanaozaa funza wa mabua. Majani ya tembo yaliyozunguka shamba huwavuta. Mizizi ya desmodiamu, juu ya hayo, hudhoofisha kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Kila mwenza ana kazi inayotajika na njia inayoeleweka, wala hakuna anayempenda mwenziwe.

Turudi kwenye mwaridi na kipimo hicho. Adui wake anayeonekana upesi ni vidukari, wale wadudu laini wanaojazana kwenye machipukizi. Hapa dania ni mwenza wa kweli, ila uiache ichanue, maana kazi iko kwenye maua. Maua hayo madogo huwalisha nzi fulani wenye mistari kama ya nyigu, wanaoelea hewani bila kutua, na mabuu ya baadhi yao hula vidukari. Anayeikata dania kila siku kwa kachumbari amepata kachumbari, mwenza hana.

Kesi ngumu zaidi ni ya Tagetes, ua la rangi ya chungwa lenye harufu kali linalopandwa kandokando ya vitalu karibu kila mahali. Sifa yake ina msingi: mizizi yake hutoa kemikali iitwayo alfa-terthienili, inayoua minyoo fundo, vile viumbe visivyoonekana kwa macho vinavyoivimbisha mizizi ya mimea. Lakini matokeo mazuri hupatikana kitalu kizima kikijazwa Tagetes kwa miezi miwili au zaidi, kisha mmea mkuu ukafuata. Mashina matatu yaliyochomekwa kati ya miwaridi ni pambo. Mmea wa namna hiyo ningeuita mtangulizi.

Lavenda, inayopigwa picha sana pamoja na mawaridi Ulaya, ni mwenza wa macho. Yenyewe hutaka udongo mkavu usio na rutuba nyingi. Mwaridi hutaka maji na samadi. Mmoja wao atavumilia. Na chochote utakachopanda, acha nafasi ya sentimita 30 hivi kutoka shinani. Ugonjwa wa madoa meusi huletwa na kuvu Diplocarpon rosae, na mbegu zake huhitaji jani libaki limelowa kwa saa saba au zaidi. Mimea iliyosongamana huzuia upepo wa kulikausha.

Kwa bustani za Mombasa au Unguja ningechagua mrihani. Tayari umo pamoja na waridi na asumini kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia cha pwani, unapenda joto na udongo wenye unyevu kama mwaridi, na kwa kuwa huchumwa kila mara haupati nafasi ya kusongamana. Sidai kwamba hufukuza wadudu.

Kwenye mashamba ya mizabibu ya Ulaya mambo hugeuka: mwaridi wenyewe ndio mwenza. Ulizoeleka kupandwa mwanzo wa mistari ili uonyeshe mapema dalili za ugonjwa wa kuvu uitwao ubwiri unga, mkulima apate kunyunyiza salfa kabla zabibu hazijaharibika. Kuvu wa mwaridi na kuvu wa mzabibu ni aina mbili tofauti, na mmoja haambukizi mmea wa mwingine. Kinachofanana ni hali ya hewa inayowafaa. Kazi hiyo ina jina lake, mmea kiashiria, na mkulima wa zabibu wa Dodoma anayetaka kuijaribu aanze na mwaridi unaougua kirahisi, kwa maana ile iliyozalishwa istahimili magonjwa haitamwonya.