Shahada ya Pamoja ya Uchumi na Sheria

Shahada ya pamoja ya uchumi na sheria ni mpango wa masomo unaompa mwanafunzi shahada mbili za kwanza kwa mkupuo mmoja. Nchini Australia, ambako mpango huu umezoeleka, kwa kawaida huchukua miaka 5; zikisomwa moja baada ya nyingine, uchumi huhitaji 3 na sheria 4. Hoja kubwa ya kuziunganisha imo ndani ya sheria zenyewe. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 huihesabu kampuni kuwa imelitawala soko iwapo ina uwezo wa kubana ushindani kwa faida, na sehemu yake ya soko imezidi kiwango kilichowekwa (asilimia 35 sheria hiyo ilipotungwa). Lakini soko lipi? Je, soda na maji ya chupa ni soko moja? Hilo hujibiwa kwa kupima wateja wangapi watahama bei ikipanda, kazi ya mchumi, ilhali ushahidi huo lazima usimame mbele ya waamuzi.

Wapo wanaodai kuwa mshika mbili moja humponyoka. Dai hilo halina nguvu, kwani masomo ya lazima ya sheria yanayohitajika ili mtu asajiliwe kuwa wakili hubaki palepale. Yanayopungua ni ya hiari. Pingamizi zito ni gharama: ada ya ziada, na mshahara unaochelewa. Anayekusudia kutetea kesi za jinai au za mirathi atosheke na sheria peke yake.