Wanafunzi Waliofanywa Walimu

Liko neno moja la dhihaka ambalo tumelisikia mara nyingi hapa Karatu, na yumkini wengine wetu tumelitamka. Mtu akikosea hesabu ya chenji dukani, au akiandika barua yenye makosa, huambiwa, "Wewe ulifundishwa na UPE." Sisi nasi tulifundishwa na UPE. Mzee aliyetushika mkono katika darasa la kwanza, tukajua kusoma, alikuwa mmoja wao. Kwa ajili yake tumetaka kuandika habari za watu hawa na jinsi walivyotendewa, maana wengi huwacheka bila kujua mambo yalivyokuwa.

Kwanza na ijulikane ya kwamba desturi ya kumfanya mwanafunzi kuwa mwalimu ni ya zamani, wala haikuanzia kwetu. Mwaka 1789 kasisi mmoja wa Scotland, jina lake Andrew Bell, alipewa kazi ya kusimamia nyumba ya watoto yatima huko Madras, Bara Hindi. Akaona watoto wa nchi ile wakijifunza herufi kwa kuandika mchangani kwa kidole, akapendezwa, akataka watoto wake wafanye vivyo hivyo. Walimu wasaidizi hawakutaka. Basi akamweka mtoto wa miaka 8, John Frisken, awafundishe wenziwe, na jambo likafaulu. Bell alichapisha habari hizo Uingereza mwaka 1797, na mwaka uliofuata Joseph Lancaster akafungua shule yake London, ambamo mwalimu mmoja aliwatawala watoto mamia kwa kuwatumia viranja. Wakubwa wakafurahi mno, kwa kuwa njia hiyo ilikuwa rahisi. Sisi walimu tumekwisha kujifunza kwamba neno "rahisi" likitajwa katika mambo ya elimu, yafaa kuuliza ni nani atakayelipa.

Hata baada ya miaka mingi ilionekana ya kuwa kiranja hawezi kutoa asichokuwa nacho. Ndipo mwaka 1846 serikali ya Uingereza, kwa shauri la James Kay-Shuttleworth, ikaweka kanuni mpya. Kijana aliyetimiza miaka 13 aliweza kuandikwa kuwa mwanafunzi mwalimu kwa muda wa miaka 5. Mchana alifundisha watoto, naye alilipwa paundi 10 kwa mwaka wa kwanza, zikaongezeka hata kufika 20. Kila mwaka mkaguzi alikuja kumtahini, na aliyemaliza vema aliweza kushindania nafasi ya kusomeshwa chuoni kwa fedha za serikali. Kazi yake, basi, ilihesabiwa kuwa sehemu ya masomo yake. Lakini katika kanuni ile twapenda zaidi jambo moja lililosahauliwa na wengi: mwalimu mkuu alilazimika kumfundisha kijana huyo saa moja na nusu kila siku, siku 5 za juma, nje ya saa za darasa, naye aliongezewa mshahara kwa kazi hiyo. Yaani walijua kwamba mwanafunzi anayefundisha ni mtu mwenye njaa mbili, akilishwa moja tu hudhoofika.

Na tuje sasa nyumbani. Mwezi wa Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe na nafasi darasani. Kabla ya hapo jambo hilo lilikuwa limetazamiwa kutimizwa mwaka 1989. Fikirini: miaka 12 iliondolewa kwa azimio moja. Watoto wa shule za msingi, waliokuwa yapata milioni 1 na robo mwaka 1974, walikaribia milioni 3 mwaka 1978. Vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha umati ule. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachaguliwa, wakatiwa katika mpango wa miaka mitatu: kufundisha sehemu ya siku katika shule ya kijiji, na saa zilizobaki kusoma kwa njia ya posta na redio, huku wakiongozwa na walimu waliowatangulia. Mwishoni walikusanywa vyuoni kwa majuma machache, wakatahiniwa. Walioandikishwa walizidi 40,000, na waliofuzu walizidi 35,000. Sidhani kwamba liko jeshi jingine la walimu lililoundwa upesi namna hiyo katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki.

Karatu wakati ule ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Mwaka jana tulimwendea mwalimu wetu nyumbani kwake, upande wa Rhotia, ambako sasa amestaafu na analima maharage. Tulimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitika, "Marahaba, wanangu," kisha akatufungulia sanduku. Ndani yalikuwamo majalada ya masomo yake ya posta, yamefungwa kwa nailoni yasiingie unyevu, kwa kuwa ukungu wa milima ya Ngorongoro, kama mjuavyo, hauachi kitu.

Alitusimulia kwamba alikuwa na miaka 17 alipokabidhiwa darasa lake la kwanza chini ya mti, watoto wengi kupita alivyoweza kuwahesabu. Katika mwaka wa kwanza mwalimu mkuu wake aliitunza ahadi. Kila alasiri waliketi pamoja ofisini, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasahihisha kazi zake. Mwaka wa pili alihamishiwa shule nyingine. Huko alipewa madarasa mawili, la asubuhi na la jioni, na shamba la shule juu yake. Vitabu vilikuja kwa posta navyo vikalala.

Tulimwuliza, "Mwalimu, hukuwaambia kwamba wewe ulikuwa bado unasoma?"

Akacheka. "Wanangu, ningemwambia nani? Mbele ya watoto nilikuwa mwalimu, na mbele ya wakubwa nilikuwa mtoto."

Alifuzu, lakini kwa taabu. Hata leo ajiona ana deni la mwaka mmoja.

Wala jambo hili halikwisha pamoja na UPE. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata ziliongezeka kwa wingi, na vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya yapata mwezi mmoja, wakapelekwa darasani. Watu wakawaita "Voda Fasta", kwa mfano wa kuongeza salio la simu kwa haraka. Sisi tulikuwa wanafunzi wa sekondari wakati huo, tukacheka pamoja na wengine. Mmoja wao alitufundisha hesabu vizuri kuliko wote waliomfuata. Mwingine alikuwa akilia nyuma ya ghala. Wote wawili walipata mwezi ule ule mmoja.

Na sisi wenyewe, tulipokuwa katika chuo cha misheni, tulitumwa kufanya mazoezi ya kufundisha, na majuma yale yalihesabiwa katika cheti chetu. Shule tuliyopelekwa ilitupokea kwa furaha. Walimu wawili wakaenda likizo siku ile ile.

Mwaka huu wamekuja kwetu wanafunzi wawili wa ualimu, binti na kijana. Katika kikao cha walimu ilipendekezwa wapewe darasa la pili lote, maana ndilo kubwa kuliko yote na halina mwenyewe. Tukaomba waachiwe alasiri zao, na mmoja wetu aketi nao. Wenzetu wengine walinung'unika, na manung'uniko yao si ya uongo, kwani walimu hatutoshi. Baada ya maneno mengi tulipewa Jumanne na Alhamisi.

Alhamisi moja ya mvua tulimwalika yule mzee, akaja na majalada yake chini ya koti. Yule binti akayafunua, akasoma maneno yaliyoandikwa pembeni kwa wino mwekundu, akauliza ni ya nani. Mzee akamwambia kwamba ni ya mwalimu mkuu wake wa kwanza. Binti akafunua jalada la mwaka wa pili, akageuza karatasi moja baada ya nyingine hata mwisho. Kurasa zote zilikuwa nyeupe pembeni.